Damu ya Unga

Nilipokuwa mdogo, Ujiji, mama alikuwa akinituma mwaloni kuchagua migebuka, na aliniagiza jambo moja tu: nifungue shavu la samaki nitazame ndani. Likiwa jekundu, nichukue. Likiwa limepauka, niache, hata muuzaji aape vipi. Nilikuwa nikichuchumaa mbele ya beseni, nainua kile kifuniko kigumu cha shavu kwa kidole gumba, na chini yake naona nyuzi nyekundu zimepangana kama meno ya kitana. Nilikuwa nakawia pale, nimesahau kilichonileta. Wekundu ule ulikuwa njiani kuondoka, na mimi nilitaka kuuona ukiondoka. Nilimtazama samaki mmoja hadi muuzaji akaniuliza kama nanunua au naswali.

Miaka baadaye, darasani, mwalimu wa biolojia alisema kwamba ndani ya damu kuna himoglobini, ina chuma, inashika oksijeni na kuibeba mwilini, na ikiwa imebeba huwa nyekundu ya kung'aa, ikishatua mzigo huwa nyeusi-nyeusi. Mimi niliyekaa nyuma, karibu na dirisha, nilisikia kwamba wekundu ni rangi ya hewa. Nilirudi nyumbani na wazo hilo kama mtu aliyepewa siri. Nadhani kila nilichosoma baada ya hapo nilikisoma kwa ajili yake.

Sasa nafanya kazi mbali, katika mji wa baridi, kwenye maabara inayojaribu kutengeneza damu. Watu wakisikia hivyo huniangalia mikono. Kwa kweli hatuanzi na kitu kisichokuwepo. Tunapokea mifuko ya damu iliyopita muda wake, ile ambayo watu waliitoa kwa hiari na hospitali hazikuwahi kuitumia, maana damu hata ikikaa kwenye friji haidumu zaidi ya wiki chache. Tunapasua chembe nyekundu, tunatoa himoglobini iliyomo, tunatupa ganda. Ganda ndilo lenye alama ya kundi, ndilo linalofanya mwili wa huyu uikatae damu ya yule. Himoglobini yenyewe haina kundi. Tatizo lake ni kwamba ikiachwa uchi kwenye mishipa huibana mishipa na kuumiza figo. Waliotutangulia katika kazi hii walijaribu, na wagonjwa waliumia. Kwa hiyo tunaivika upya. Tunaifunga ndani ya vitone vya mafuta vidogo kuliko chembe yenyewe, kisha tunaikausha mpaka iwe unga. Unga huo unaweza kukaa kwenye kabati bila friji. Siku ukihitajika unauchanganya na maji safi ya dripu, na ukikubali kufanya kazi, utabeba oksijeni kwa saa chache, hadi mgonjwa afike penye damu ya kweli. Hilo ndilo tunalolitafuta: saa chache.

Siku ya kwanza niliyoruhusiwa kuulowesha, ulikuwa na rangi ya udongo wa kichuguu. Niliumimina kwenye chupa, nikaongeza maji, ukawa zambarau nzito. Kisha nikafungua mrija wa oksijeni. Rangi ilianza kubadilika kutoka pembeni, taratibu, kama mtu anayeamka na hajafungua macho bado, halafu chupa nzima ikawaka nyekundu. Nilisimama pale nimeshika chupa yenye joto la mkono wangu. Mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza kama kuna kosa. Nikamwambia hakuna.

Mwaka ule nilipata likizo ndefu wakati mdogo wangu wa kike alipokuwa amebakiza wiki chache kujifungua mtoto wake wa kwanza. Tumezaliwa wawili tu, na mama alikwishafariki. Yeye ameolewa Kagunga, kule karibu na mpaka wa Burundi, kwa mwanamume mpole anayevua na kununua dagaa. Nilitua Kigoma, nikalala kwa mama mdogo Katubuka, na asubuhi nikapanda boti ya abiria kwenda kaskazini.

Ilikuwa kiangazi, miezi ile ambayo wakulima huchoma mashamba pande zote za ziwa, na moshi hukaa juu ya maji siku baada ya siku. Milima ya Kongo ilikuwa imefutika. Mbele hapakuwa na ng'ambo, hapakuwa na mstari unaotenganisha maji na mbingu. Boti ilikwenda ndani ya weupe, na mitumbwi iliyokutana nasi ilionekana kuning'inia hewani.

Mdogo wangu alinipokea ufukweni, tumbo limetangulia, anacheka. Nyuma yake alisimama mama mkwe wake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, ambaye hajafika sitini. Anaongea Kiswahili chenye Kirundi na Kiha ndani yake, na haongei kingi. Mdogo wangu alikwishanionya kwenye simu kwamba mkwewe ana mashaka na kazi yangu.

"Shikamoo mama," nilimsalimu.

"Marahaba, mwana wanje. Karibu. Umekonda."

Siku zilizofuata nilikuwa kama mtu anayetembea usingizini. Labda ni uchovu wa safari, labda ni ule moshi. Asubuhi wanawake walitandaza dagaa mchangani, na ufuko wote ukawa wa fedha. Mdogo wangu alikaa kivulini akiwageuza wale waliokuwa karibu naye kwa fimbo ndefu, maana tulimkataza kuinama. Tuliongea habari za mama, habari za nyumba ya Ujiji, habari za shuleni. Wakati mwingine tulinyamaza muda mrefu na sikujua ni nani kati yetu aliyeacha kuongea.

Mama mkwe alikuwa akikamua mawese nyuma ya nyumba. Alichemsha matunda ya michikichi kwenye pipa lililokatwa, akayatwanga, akayakamua, kisha akachemsha tena kile kilichotoka mpaka mafuta yapande juu ayaengue. Siku moja niliketi karibu naye kumsaidia kuchochea moto.

"Shemeji yako anasema unapika damu," alisema bila kuniangalia.

"Tunatengeneza, mama. Bado tunajaribu."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa damu ya watu iliyokaa sana. Tunatoa kile kinachobeba hewa, tunakifunga kwenye mafuta." Nilimwonyesha kwenye sufuria, mahali ambapo mawese yalikuwa bado hayajaungana, yanaelea juu ya maji kama macho madogo mekundu. "Vitone kama hivi. Ila vidogo sana, huwezi kuviona."

Alivitazama kwa muda. Nilidhani atacheka, lakini hakucheka.

"Amaraso," alisema taratibu. Damu. "Mtu akiwekewa hiyo, atajua imetoka kwa nani?"

"Hatajua. Hata hospitalini leo, mtu akiongezewa damu hajui ni ya nani."

"Mimi ningependa kujua," alisema, akaendelea kuengua.

Kwetu maabara mfuko wa damu unakuja na namba na tarehe, na tunajivunia kwamba mwisho wa kazi hata kundi halibaki. Nilichochea moto. Mawese yalinukia hadi kwenye nywele zangu, na harufu hiyo niliondoka nayo.

Uchungu ulimwanza mdogo wangu alfajiri moja, na jua lilipokuwa limepanda juu ya milima mtoto alikuwa amezaliwa, kwenye zahanati, mikononi mwa nesi mwanamke ambaye kila mtu pale kijijini alimwita dada. Mtoto wa kike. Alilia mara moja kwa hasira, kisha akatulia akawa anatutazama kwa jicho moja. Shemeji alikuwa nje ya dirisha. Nilimwinua mtoto amwone, naye akageuza uso akawa anafuta macho kwa mkono wa shati.

Kondo la nyuma lilitoka. Nesi alilikagua, akasema limetimia. Alimdunga sindano ya kukaza kizazi, akawa anamsugua tumbo na kuongea naye. Nilikuwa nimemshika mtoto, nikawa namwimbia bila sauti. Nilipogeuka, nesi alikuwa ameacha kuongea.

"Dada," aliniambia kwa utulivu, "kizazi hakijakaza. Damu haijakatika."

Alimwekea dripu, akamdunga sindano nyingine, akamsugua kwa nguvu zaidi. Damu ilipungua, kisha ikarudi. Shuka lilibadilishwa, likabadilishwa tena. Nilimshika mdogo wangu mkono. Kiganja chake, ambacho siku zote ni chekundu kama cha mama, kilikuwa kimepauka, na kilikuwa baridi na chenye unyevu.

"Aende Kigoma," nesi alisema. "Hapa hatuweki damu. Aende sasa hivi, na mimi naenda naye."

Shemeji alikimbilia ufukweni, na tulipofika na machela boti yake ya dagaa ilikuwa majini, injini imefungwa nyuma, godoro limetandikwa chini. Walimbeba wanaume wa jirani. Dripu tuliifunga kwenye upondo uliosimamishwa katikati ya boti. Mama mkwe aliingia mwisho, maji yakimfika magotini, mtoto amefungwa kifuani kwa kitenge. Hakuna aliyemwambia aje. Alikaa kwenye ubao wa nyuma, akamfunika mtoto uso asipigwe na upepo.

Sijui safari ile ilichukua muda gani. Mwanga haukubadilika. Ule weupe ulitufunga pande zote, na kama isingekuwa kivuli cha milima ya Gombe kushoto kwetu, kinachokuja na kupotea, ningesema hatusogei. Nesi alipiga magoti kando ya mdogo wangu, mkono mmoja umekandamiza tumbo, hakuuondoa njia nzima. Mimi nilikiweka kichwa chake mapajani mwangu.

Nilijua kinachotokea ndani yake. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Nilijua moyo unakimbia kwa sababu wabebaji wamepungua na waliobaki lazima wazunguke haraka. Nilijua mwili umeanza kuchagua, umeiacha mikono na miguu, unaupelekea ubongo na moyo kilichopo. Nimelichora jambo hili ubaoni mara nyingi, kwa chaki za rangi mbili. Nilikuwa nimelizoea kama mtu anavyoizoea ramani ya nchi ambayo hajafika.

Kuna jambo wanafunzi wa ziwa hili hufundishwa mapema: kwamba hewa yake iko juu tu. Samaki wote, dagaa na migebuka na kuhe, wanaishi kwenye tabaka la juu, na chini yao kuna maji mengi zaidi, kilometa nzima ya maji na zaidi, yasiyo na oksijeni, ambamo samaki hawezi kuishi. Nilitazama nje ya boti. Maji yalikuwa ya kijani kibichi, kisha buluu, kisha hayakuwa na rangi. Nilihisi tunaelea juu ya kitu kilicholala, na kwamba nisipoinua sauti hakitaamka.

"Dada," mdogo wangu aliita. "Tuko wapi?"

"Ziwani. Tunakwenda Kigoma."

"Mbona kumetulia hivi."

"Usilale. Niongeleshe."

Alifumba macho, akafumbua. Midomo yake ilikuwa na rangi ya karatasi.

"Ile damu yako ya unga," alisema. "Umekuja nayo?"

"Sikuja nayo."

"Ungekuja nayo hata kijiko."

"Haijawa dawa bado. Haiwezi kuingia kwa mtu."

"Hata kwangu?"

"Hasa kwako."

Alitabasamu kidogo, kama vile nimemnyima pipi. Mkono wake ulitafuta wangu ukaupata. Nyuma yetu mtoto alilia, na mama mkwe akamnong'onezea kitu kwa Kirundi, maneno yale yale tena na tena, mpaka sauti ya injini na maneno yale vikawa kitu kimoja. Nesi alimpima mapigo. Hakusema namba. Alimwambia shemeji aongeze moto, na shemeji akaongeza.

Mji ulijitokeza ghafla, kwanza minara ya simu bila chochote chini yake, kisha mabati, kisha watu wamesimama. Nesi alikuwa amepiga simu njiani, na gari lilikuwa linasubiri.

Hospitalini walikuwa wepesi. Chupa moja ya damu ya kundi lake, kundi O, ilikuwepo kwenye friji, na ilianza kuingia mara moja. Daktari, kijana mwenye macho ya kutolala, alitoka akatukuta kwenye benchi.

"Tumempeleka chumba cha upasuaji kuzuia damu inayotoka. Atahitaji damu zaidi. Kuna mwingine mwenye O?"

Nilisimama kabla hajamaliza. Ni mdogo wangu, tumelala tumbo moja, tumeugua surua kwa wiki moja, nguo zangu zote zilikuja kuwa zake. Mtaalamu wa maabara alinichoma kidole, akadondosha tone langu kwenye kigae cheupe, akachanganya. Nilitazama vichembe vikishikana. Nilisoma jibu kabla hajaniambia.

"Wewe ni A, dada."

Nilikuwa nalijua. Nilipimwa zamani, kazini, na ninalo kwenye kitambulisho changu. Lakini katika weupe wa mchana ule nilikuwa nimesahau, au niliamini kwamba safari hii litakuwa tofauti. Shemeji akapimwa, akawa B. Alirudi kwenye benchi akaketi akiviangalia viganja vyake kama vya mtu mwingine.

Mama mkwe alimpa nesi mtoto. Akavua kanga ya begani, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye benchi.

"Nipimeni na mimi," alisema.

Alikuwa O.

Yule mtaalamu alimuuliza maswali yanayotakiwa: umri, magonjwa, kama amekula. Alijibu yote kwa neno moja moja. Alipimwa uzito, akapimwa shinikizo la damu. Kisha akalala kwenye kitanda chembamba karibu na dirisha, akanyoosha mkono uliojaa makovu madogo ya mawese yaliyomrukia jikoni. Aliniita nikae karibu naye.

Sijui kwa nini sikuwahi kuitazama damu ikitoka kwa mtu. Nimeifanyia kazi miaka yote hii, imenijia kwenye mifuko, baridi, imetulia, imeshakaa. Hii ilikuwa na joto. Ilishuka kwenye mrija ikiwa nyeusi kidogo, maana ilikuwa ya mshipa wa kurudi, imeshatua mzigo, na mfuko uliokuwa kwenye kimashine cha kutikisa ulijaa polepole, ukipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala.

"Inauma?" nilimuuliza.

"Sindano tu." Akautazama mfuko. "Itamfaa?"

"Itamfaa sana, mama. Wataipima kwanza magonjwa, halafu watampa."

"Mimi na yeye hatukuwa tunaongea sana," alisema, macho yakiwa kwenye dari. "Nilidhani msichana wa Ujiji hataweza Kagunga. Nilidhani ataondoka."

"Anakuogopa."

"Najua." Alikunja na kukunjua ngumi kama alivyoelekezwa. "Nilimwacha aniogope. Ni rahisi zaidi."

Kupitia dirishani nilimwona shemeji uani, amembeba mwanawe sasa, anatembea huku na huku juani kwa hatua za mtu asiyejua kubeba mtoto. Mama mkwe naye aligeuza kichwa akawaona. Tulibaki hivyo mpaka mfuko ukajaa na yule mtaalamu akaja kuchomoa sindano. Alimpa soda na biskuti. Mama mkwe alizila biskuti polepole, kwa heshima, kama chakula cha ugenini.

Ile chupa ya pili ilianza kuingia jua likiwa limeinamia ziwa. Mdogo wangu alikuwa ametoka chumba cha upasuaji. Kizazi kilikuwa kimeokolewa, damu imekatika. Tuliruhusiwa kuingia wawili, nikaingia na mama mkwe. Mgonjwa wetu alilala bapa, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na juu yake ulining'inia mfuko ule. Niliutambua. Kwa mara ya kwanza maishani niliitambua damu kama unavyomtambua mtu barabarani.

Tulikaa. Mwanga wa jioni uliingia ukiwa na rangi ya machungwa, ukashuka ukutani, ukafika kitandani. Nilikuwa nimemshika mkono, nikawa natazama kiganja. Sikuona wakati kilipobadilika. Nilitazama na hakikuwa na kitu, nikatazama tena na chini ya ngozi kulikuwa na waridi, hafifu sana, kama kitu unachokiota na unaogopa kukigusa. Midomo ikafuata. Kisha akapumua kwa kina, pumzi moja ndefu yenye mkwaruzo, akafumbua macho akamkuta mama mkwe amemwinamia.

"Mama," alisema.

"Ndiyo."

"Mtoto?"

"Analala. Ananyonya vidole. Pumzika."

"Hiyo ni damu ya mama," nilimwambia, nikaonyesha mfuko.

Mdogo wangu aliuangalia mfuko, akamwangalia mkwewe, akauangalia mfuko tena. Machozi yalimtoka pembeni ya macho yakaingia masikioni. Mama mkwe aliyapangusa kwa pindo la kanga, akasema kwamba mtu aliyepoteza maji mengi hivyo asilie, ataongeza kazi. Nilicheka kwa sauti, na nesi wa wodi akachungulia.

Alipotoka hospitalini tulikaa wote Katubuka kwa mama mdogo, nyumba ikajaa nepi na harufu ya uji wa pilipili manga. Mama mkwe hakutangulia kurudi Kagunga. Alilala chumba kimoja na mdogo wangu, na asubuhi niliwasikia kupitia ukutani wakiongea, sauti mbili za chini, na maneno sikuyapata. Nilipenda kutoyapata.

Siku moja kabla ya kuondoka kwangu niliteremka na mama mkwe ufukweni kununua samaki. Moshi ulikuwa umepungua, na ng'ambo milima ya Kongo ilianza kuonekana, ya buluu, haijakamilika. Tulisimama tukiitazama.

"Huko unakorudi," alisema, "mnaendelea na ule unga?"

"Tunaendelea."

"Utachukua muda?"

"Miaka, mama. Na inawezekana usifaulu. Wengine walishindwa."

Alifikiri. "Siku ile, kama nisingekuwa na damu ya kumfaa?"

"Wangetafuta mtu mwingine. Wangemwita mtu kutoka mjini."

"Na kwenye boti? Kama angeishiwa kwenye boti?"

Nilitazama maji.

"Basi utengenezeni," alisema. "Nilisema ningependa kujua ni ya nani. Bado ningependa. Lakini kwenye boti nisingeuliza." Kisha akamgeukia mwenye samaki, akaanza kupatana naye kwa Kiha, kwa ukali, na mazungumzo yetu yakawa yameisha.

Nilirudi kwenye mji wa baridi. Asubuhi ya kwanza niliingia maabara, nikatoa mfuko kwenye friji, ule uliopita muda, nikauweka mezani niupasue kama kawaida. Nilikawia. Nilijiuliza kama aliyeutoa alipewa biskuti, na nani alikaa karibu naye. Kisha nikavaa glavu, nikafanya kazi. Sijaweza kuifungua mifuko hiyo haraka tangu siku ile, na wenzangu wamezoea kunisubiri.

Miezi ilipita. Kipindi cha baridi kali tuliujaribu unga kwa sungura. Alikuwa amelazwa usingizi, ametolewa sehemu kubwa ya damu yake, na masikio yake, ambayo ni membamba kiasi kwamba taa inapita, yalikuwa yamebaki meupe kama ute wa yai lililochemshwa. Tulimpa unga wetu uliochanganywa. Mshipa mmoja mwembamba ulijitokeza kwenye sikio la kushoto, kama mstari uliochorwa na penseli, halafu matawi yake, halafu sikio zima likapata rangi. Tuliangalia namba kwenye mashine, na namba zilikubaliana na sikio. Jioni aliamka, akakaa, akawa anaitembeza pua yake.

Hatukushangilia. Sungura mmoja si kitu. Wanaofuata wanaweza kufa, na wawili kati yao walikufa kweli, tukarudi nyuma tukabadilisha mafuta. Lakini siku ile nilipiga simu Kagunga. Mtandao kule unayumba, mara uko Tanzania mara uko Burundi, na nilijaribu mara kadhaa kabla haujashika. Alipokea mama mkwe, maana mdogo wangu alikuwa ziwani anafua.

Nilimweleza. Aliniacha nimalize.

"Ameamka?" aliuliza.

"Ameamka."

"Amekula?"

"Amekula kabichi."

"Haya," alisema. "Muacheni apumzike." Nilimsikia akimwita mtu, nikasikia mtoto akipiga kelele za furaha, na bati linagongwagongwa. "Huyu naye ameanza kutambaa, anashika kila kitu. Subiri nimwondoe kwenye moto."

Aliweka simu chini bila kuikata. Nilibaki nikisikiliza uani pale, kuku, upepo kwenye michikichi, hatua zake zikienda na kurudi, kwa muda mrefu kuliko nilivyohitaji, mpaka simu yenyewe ikakatika.